Mkunga wa Mbuzi na Maji ya Mgongo

Mke wangu husali kabla ya chakula mpaka chakula kinapoa. Tumeishi pamoja tangu ujana wetu, na githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikiwa ya moto nimeila nyumbani kwangu siku zile tu alizokuwa amekwenda kwao. Huanza kwa kushukuru kwa ajili ya mvua, kisha kwa aliyelima, aliyevuna na aliyetafuta kuni. Kukiwa na mgeni humwombea yeye na watu wake wote, hata wale ambao mgeni mwenyewe amekwisha kuwasahau. Watoto wetu walipokuwa wadogo walikuwa wakifungua jicho moja kutazama kama mvuke bado upo juu ya sufuria. Binti yetu, ambaye sasa ni mwalimu huko Kaaga, alimuuliza siku moja, "Mama, Mungu hawezi kusikiliza huku tukitafuna?" Mama yake akamjibu kwamba Mungu anaweza, asiyeweza ni yeye.

Mimi ni mzee wa kanisa na sala zangu ni fupi. Yeye husema nasali kama mtu anayepiga simu ya gharama. Nilizoea kumtania kuhusu sala yake, naye alizoea kunitania kuhusu yangu, mpaka siku ile sala yake ilipokatika katikati.

Niseme kwanza yeye ni nani. Mimi ni mtu wa huku juu penye baridi, kwenye chai na migomba, juu kidogo ya soko la Nkubu. Yeye ni Mmbeere, amezaliwa upande wa Gachoka, nchi kavu ya ndengu, mawele na mbuzi. Nilipomleta huku alivaa sweta mbili mwaka mzima, akasema sasa ameelewa kwa nini Wameru ni wakali: wanajipasha moto. Hata Mungu tulimwita kwa majina mawili, mimi Murungu na yeye Ngai, lakini tulipiga magoti kwenye mkeka mmoja, na sijaona dalili kwamba Mwenyewe alichanganyikiwa.

Ana mikono midogo sana, kama ya mtoto wa shule. Huku kwetu mikono hiyo haikuwa na sifa yoyote. Kwenye kuchuma chai ilimchelewesha, na dada zangu walisema wazi kwamba nimeoa mikono ya kushika sindano. Lakini kwao ilikuwa na heshima kubwa. Mbuzi akishindwa kuzaa, mtoto amekaa vibaya tumboni, mguu umekunjika nyuma, anahitajika mtu mwenye mkono mwembamba aingize polepole, atafute mguu, aunyooshe, avute. Mke wangu alianza kazi hiyo akiwa msichana. Hata baada ya kuolewa, kila mara mvua zilipokaribia alishuka kwenda kumsalimia mdogo wake wa kike, aliyebaki na boma la wazazi wao, na majirani wakisikia amefika walikuja kumwita. "Mkunga wa mbuzi amekuja," walisema. Aliacha chai mezani akaenda.

Nasema alikwenda kusalimia, na neno hilo lilitugharimu. Kwa desturi yetu, binti aliyeolewa akirudi kwao ni mgeni. Anapelekewa kiti, anachinjiwa kuku. Akiosha vyombo, akiteka maji, akizalisha mbuzi wa kijiji kizima, hiyo haihesabiwi kuwa kazi. Amekuja kusalimia. Ukimuuliza mumewe mke wake alikuwa akifanya nini huko, atakujibu hivyo hivyo, wala hatakuwa amedanganya.

Safari moja alirudi amechoka kuliko kawaida. Baada ya muda homa ikaanza. Ilimpanda jioni na kumwacha asubuhi, ikapotea kabisa, kisha ikarudi. Alitoka jasho mpaka tukaanika magodoro. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, chakula kikamchukiza. Tulikwenda kwenye kliniki ya sokoni tukapewa dawa za malaria, kwa kuwa alikuwa ametoka nchi ya mbu. Homa ilipungua. Iliporudi tukapewa za taifodi, ikapungua tena. Mdogo wake alipiga simu kila siku kumuuliza hali, na kila siku alijibu, "Ni baridi ya huyu Mmeru."

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, na sikio lake la kulia likawa zito. Akitembea alishika ukuta. Alimwita binti yetu kwa jina la marehemu mama yake. Niliyaona hayo yote nikajiambia ni uchovu na umri, kwa maana sisi sote tunazeeka, na watu wema kanisani waliniambia hivyo pia. Mmoja alinishika bega akasema, "Mzee, uzee huanza kwa yule mnayempenda. Vumilia tu."

Ilikuwa mchana wa Jumapili tuliporudi kutoka ibadani. Binti yetu alikuwa amekuja na kuku, kukawa na mukimo wa viazi vya kupondwa na mboga, vyote vinafuka moshi. Mke wangu alifumba macho akaanza. Alishukuru kwa ajili ya mvua. Alishukuru kwa ajili ya aliyelima. Akafika kwa aliyevuna akanyamaza. Nilidhani anameza mate. Midomo yake ilitafuta neno, haikulipata. Akafungua macho, akanitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni, akauliza, "Nilikuwa namwambia nani?"

Nikasema "Amina" haraka ili kuifunika aibu yake, tukala. Chakula kilikuwa cha moto. Sikupata ladha yake.

Baadhi ya ndugu walitaka tufunge na kuomba tu, tusimsumbue kwa safari. Mimi naamini maombi, nimeyaishi. Lakini katika miaka yangu yote ya imani sijapata kuona mahali ambapo Mungu alimkataza mtu kupanda gari kwenda hospitalini. Tulifunga, tukaomba, na binti yetu akatafuta gari.

Katika hospitali kubwa mjini Meru tulipokelewa na daktari wa magonjwa ya ndani, dada kijana mwenye asili ya kando ya ziwa kule magharibi. Alimwita mke wangu "cucu" kama tunavyowaita bibi zetu, akilikosea kidogo, na mke wangu, hata katika ukungu ule, akamsahihisha. Daktari akacheka, akasema mtu anayeweza kumsahihisha daktari bado yumo ndani, ni kumtafuta tu.

Akatuuliza maswali mengi. Mnachemsha maziwa? Tukasema tunachemsha. Mnafuga? Kuku, na ng'ombe mmoja ambaye hukamuliwa na kijana wa jirani. Ana kikohozi? Kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua kifua kikuu? Hapana. Amesafiri? Nikasema, "Alikwenda kwao Mbeere." Kufanya nini? "Kusalimia." Daktari akaendelea na swali jingine.

Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe wala damu. Ndipo daktari akatuketisha kwenye benchi nje ya wodi, mimi, binti yangu na shemeji yangu, yaani yule mdogo wa mke wangu, aliyekuwa amepanda kutoka Gachoka na mfuko wa ndengu kana kwamba wagonjwa hutibiwa kwa ndengu. Daktari akasema hadhani kwamba huu ni uzee. Uzee hauji na homa na jasho, wala haumpindui mtu kwa miezi michache. Alishuku kwamba kuna kijidudu cha ugonjwa kimeingia kwenye ubongo, na ili kukijua anahitaji kutoa maji kidogo kwenye mgongo.

Shemeji yangu akasimama. "Hapana. Maji ya mgongo? Kwetu kuna mtu alitolewa, hakutembea tena."

"Alikuwa anaumwa nini, mama?" daktari akamuuliza.

"Si nimekwambia alitolewa maji?"

"Hiyo ni baada. Kabla ya kutolewa aliumwa nini?"

Shemeji akafikiri. "Alikuwa hajitambui siku nyingi."

"Basi huenda ugonjwa ndio uliomlaza, na maji yakasingiziwa," daktari akasema, bila dharau hata kidogo. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, kwenu juu mnapata wapi maji?"

Nikamwambia tuna mradi wa bomba unaotoa maji msituni mlimani, na kwamba mimi ni mmoja wa kamati.

"Siku maji yakija na rangi, mnapanda mlimani kupasua chanzo?"

"Hapana. Tunafungua bomba la chini, tunatazama."

"Ubongo wa cucu unaogelea ndani ya maji, na maji hayo yanashuka mpaka huku kiunoni. Sitaki kupasua kichwa. Nataka kufungua bomba la chini, nitazame. Na hapo ninapochoma, uti wa fahamu unaoendesha miguu umeishia juu zaidi. Si rahisi kuugusa."

Nilichoogopa hakikuwa kwamba hatatembea. Niliogopa kwamba nitamrudisha nyumbani akiwa mzima wa mwili, aketi mezani kwangu miaka yote iliyobaki, asijue anamwambia nani. Nikasema wafanye. Shemeji akaniambia nikikosea atanidai dada yake. Nikamwambia tutadaiana mbele za Mungu, akakaa chini akaanza kulia, na binti yangu akamkumbatia.

Walimlaza kwa ubavu, amejikunja kama mtoto tumboni. Nilimshika mkono ule mdogo. Alifinya uso, akasema "wuui" ya kawaida ya mtu aliyechomwa na mwiba, ikawa imekwisha. Alipolala chali akasogeza miguu yote miwili. Shemeji yangu aliifunua shuka ahakikishe.

Majibu hayakututuliza. Daktari alisema maji yale, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa safi, yalikuwa na chembe za mwili zilizokwenda kupigana, kwa hiyo vita ipo. Lakini adui hakuonekana. Walitafuta kifua kikuu, maana hicho ndicho kinachoingia ubongoni taratibu hivi mara nyingi, wasikione. "Inawezekana kipo na kimejificha," alisema. "Naweza kuanza dawa zake. Ila kuna kitu hakikai sawa, Mzee. Nisaidie kufikiri." Nilikuwa sijawahi kusikia daktari akisema hivyo, na nilimpenda kuanzia hapo kama mwanangu.

Siku iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, tulimkuta mke wangu amelala macho yamefumba nusu, mikono yake inafanya kazi juu ya blanketi. Wa kushoto ulikuwa kama unakandamiza kitu. Wa kulia ulikuwa umekunja vidole pamoja, unasukuma mbele, unazunguka, unavuta. Alikuwa akinong'ona kwa Kimbeere. Daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akiandika.

"Anasema nini?" akauliza.

Nikamtafsiria. "Anasema, ngoja, mguu uko nyuma. Usimvute shingo."

Shemeji yangu, machozi bado hayajakauka, akaangua kicheko. "Huyu dada yangu! Hata akiwa mgonjwa anazalisha mbuzi."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi wetu. Yeye ndiye mkunga wetu, daktari. Tazama huo mkono, hata kwenye chupa ya soda unaingia."

"Anaingiza mkono? Bila glavu?"

"Glavu?" Shemeji alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anaoga na viatu. "Atausikiaje mguu?"

"Mara ya mwisho ni lini?"

"Alipokuja kutusalimia. Mwaka huu mbuzi walisumbua sana. Wengi walitupa mimba kabla ya wakati. Alitoa watoto waliokufa, akatoa na makondo ya nyuma yaliyokwama, mpaka kwa majirani. Alifanya kazi, maskini."

Daktari akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo nadhani hawaruhusiwi. Akanitazama. Sikuona lawama usoni mwake, nikaona tu mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo akaupata mfukoni mwa mwenzake. "Mzee," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza alikwenda kufanya nini," nikamjibu. "Alikwenda kusalimia."

Akatueleza kwamba kuna ugonjwa wa mifugo uitwao brusela, ambao huwafanya mbuzi na ng'ombe kutupa mimba. Tulikuwa tumeusikia kwenye redio, lakini sisi tuliujua kama ugonjwa wa maziwa mabichi. Daktari alisema kuna njia nyingine: maji ya uzazi na kondo la mnyama mgonjwa vimejaa vijidudu hivyo, navyo huingia hata kwenye mkwaruzo mdogo wa ngozi. Wengi huumwa homa na viungo, wakatibiwa wakapona. Kwa watu wachache sana vijidudu hupanda mpaka kwenye ubongo. Alikuwa amesoma habari zake, hakuwa amewahi kumwona mgonjwa wake.

Walipima damu, ikajibu kwamba ndio huo. Maji ya mgongo yaliyobaki yakapelekwa Nairobi, nayo yakajibu vilevile. Siku aliyotuletea habari hiyo daktari alikuwa akitabasamu, kisha akakumbuka akajaribu kuwa na uso wa kazi. Shemeji akamwambia, "Tabasamu tu, mwanangu. Jina la adui ni nusu ya vita."

Nusu ya pili ilikuwa ndefu. Kwanza dripu na sindano kila siku kwa majuma mengi, kisha vidonge miezi na miezi. Daktari alitufundisha kwamba vijidudu hivi hujificha ndani ya chembe za mwili wenyewe, kwa hiyo dawa moja haitoshi na muda mfupi hautoshi. Ukiacha kwa sababu umepata nafuu, vinatoka mafichoni. Dawa moja aliitaka imezwe kwa maji mengi, mgonjwa akiwa ameketi wima, na isimezwe kwa maziwa. Nyingine iligeuza mkojo wake kuwa rangi ya machungwa. Shemeji yangu alipoiona mara ya kwanza alikuja akikimbia, na daktari alipomweleza kwamba ni dawa tu, alirudi wodini akamwambia dada yake, "Umekuwa Fanta. Sasa hata sisi tunaweza kukupeleka harusini."

Mke wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini kilikuja mahali pake, baada ya utani na si kabla yake. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu nikiwa nimeegemea tangi la maji.

Tulimhamishia kwa binti yetu Kaaga ili awe karibu na hospitali. Hapo nilijifunza subira ambayo nilikuwa nimewahubiria wengine kwa miaka. Miguu ilirudi kwanza. Kisha majina: yetu sote, isipokuwa la mkwe wetu ambalo nadhani halikuwahi kumkaa vizuri. Alianza kulalamika kuhusu baridi. Alianza kuuliza ni nani anamlisha kuku. Lakini mezani, binti yetu alipomwambia, "Mama, tuombee," alitikisa kichwa. Aliniachia mimi. Nilisali sala zangu fupi na tukala chakula cha moto, siku baada ya siku, nikakichoka.

Sikumsukuma. Nilimuuliza daktari siku ya kliniki, naye akasema sikio la kulia huenda lisirudi, na kuhusu mambo mengine hawezi kuahidi. Ubongo uliokaa ndani ya moto huo huponya unachoweza kwa mwendo wake. "Tuendelee na dawa, Mzee. Na wewe endelea na zako."

Huko Gachoka, daktari wa mifugo alikwenda akapima mbuzi. Walioonekana wagonjwa waliondolewa, na shemeji yangu alililia kundi lake kama watu. Yeye mwenyewe na majirani walipimwa pia, na wawili wao wakaanza dawa kabla hawajajua wanaumwa. Sasa makondo wanayazika shimoni, mbwa wasiyafikie, na kwenye ukuta wa banda kunaning'inia glavu ndefu za kufika kwenye bega. Mke wangu aliposimuliwa alisema mbuzi watadhani wanachumbiwa.

Daktari alipotuambia kwamba vidonge vimetosha, tulirudi juu nyumbani. Binti yetu alikuja na kuku, shemeji na ndengu, na tukamwalika daktari mwenyewe, ambaye alifika amevaa sweta moja jepesi akitetemeka. Mke wangu alivua shali yake akamfunika, akamwambia nchi hii itamuua kabla ya ugonjwa. Sufuria zikaletwa. Githeri ilikuwa inafuka.

Nikakohoa nianze. Mke wangu akaweka mkono wake mdogo juu ya wangu, akageuza sikio lake zima upande wetu, akafumba macho.

Alishukuru kwa ajili ya mvua. Alishukuru kwa ajili ya aliyelima. Akafika kwa aliyevuna, akanyamaza, nami nilisikia binti yangu akiacha kupumua. Kisha akaendelea. Akashukuru kwa aliyevuna, kwa aliyetafuta kuni, kwa aliyebuni sindano ndefu na aliyemfundisha huyu mtoto kuishika. Akawaombea wazazi wa daktari kule ziwani, na samaki wao. Akamwombea mwenye gari. Akaombea mbuzi, wazima na walioondolewa, na wale wadogo waliokufa mikononi mwake. Nilifungua jicho moja nikaona daktari naye amefungua lake, anatazama sufuria, na shemeji yangu akimkanyaga mguu chini ya meza.

Mvuke ulikwisha. Mafuta yakaganda pembezoni mwa sahani. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa watu wa Kaaga.